Fluoksetini, trazodoni, amitriptilini au fenfluramini: ulinganisho wa dawa za serotonini kwa mtoto mwenye kifafa kikali cha vinasaba

Mama mmoja wa Kibosho alifika kwenye duka letu la dawa hapa Moshi asubuhi ya baridi ya Julai, akafungua pochi na kutoa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani yake alikuwa ameandika tarehe, saa na dakika za kila mara kifafa kilipomshika mwanawe wa miaka minne, na pembeni ya mistari mingi aliandika neno moja kati ya mawili: "homa" au "maji moto". Kisha akanionyesha simu yake. "Dokta, wanasema dawa za sonona zinaweza kutibu kifafa cha vinasaba, na ninyi mnazo. Nipe za mwezi mmoja." Nilimuuliza, "Mama, wamesema ni ipi?" Hakuwa na jibu, na halikuwa kosa lake, kwa sababu habari yenyewe haikutaja.

Ulinganisho huu nimeuandikia wazazi wa Moshi, Arusha na vijiji vya pande zote mbili za mlima ambao wamesikia habari hiyo na sasa hawajui washike lipi. Jina "dawa za sonona" limefunika dawa zisizofanana hata kidogo katika ubongo, katika moyo na katika mfuko wa mzazi. Nitalinganisha nne: fluoksetini, trazodoni na amitriptilini, ambazo ni dawa za sonona kweli, na fenfluramini, ambayo si dawa ya sonona lakini hufanya kazi kupitia serotonini, kemikali ileile ya ubongo ambayo dawa hizo za sonona huigusa, na ndiyo iliyowafanya watafiti wazitazame nyingine kwa macho mapya.

Ugonjwa tunaouzungumzia

Kifafa kikali cha vinasaba kina aina nyingi, lakini iliyochunguzwa zaidi kwa upande wa serotonini ni ile inayoitwa Dravet, kwa jina la daktari Mfaransa Charlotte Dravet aliyeieleza mwaka 1978. Mtoto huzaliwa salama na kukua vizuri. Kisha, kwa kawaida kabla hajatimiza mwaka, hupata mtukutiko mrefu unaoambatana na homa, wakati mwingine upande mmoja tu wa mwili. Huku kwetu wengi husema ni degedege, au malaria imepanda kichwani, na kwa mara ya kwanza hakuna wa kuwalaumu. Mashaka huanza mtukutiko unaporudi mara ya pili, ya tatu na ya nne, tena kwa homa ndogo au baada ya kuogeshwa kwa maji ya moto, na hasa pale ambapo mtoto, baada ya kutimiza mwaka mmoja au miwili, anaanza kubaki nyuma ya wenzake katika kusema na kutembea.

Mwaka 2001 watafiti nchini Ubelgiji waligundua kwamba watoto hao wana hitilafu katika jeni iitwayo SCN1A. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza mlango wa sodiamu unaotumiwa hasa na zile seli za ubongo ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine. Hitilafu ikiwapo, breki za ubongo hulegea. Hapa naomba niseme jambo linaloumiza familia nyingi bila sababu: kwa watoto walio wengi hitilafu hii huzuka upya kwa mtoto mwenyewe, haikutoka kwa baba wala kwa mama. Ndiyo maana nasema kifafa cha vinasaba na kuepuka neno "cha kurithi", maana nimeona koo mbili zikinuniana kwa miaka kuhusu damu ya nani iliyoleta ugonjwa.

Vigezo

Nimezipima dawa hizi nne kwa maswali manne yaleyale. Je, kuna ushahidi gani kwamba dawa inapunguza mitukutiko kwa binadamu mwenye ugonjwa huu, na si kwa mnyama wa maabara peke yake? Je, ina hatari gani, hasa ikichanganywa na dawa za kifafa ambazo mtoto anazitumia tayari? Je, inapatikana hapa kwetu, kwa gharama gani na kwa ufuatiliaji wa namna gani? Na mwisho, inamfaa nani?

Lakini kabla ya hayo manne liko swali la awali, ambalo lisipojibiwa ulinganisho wote hauna maana: dawa ambazo mtoto anatumia leo ni sahihi? Kabamazepini, fenitoini na lamotrijini hutuliza kifafa kwa kuziba milango ya sodiamu. Kwa kifafa cha aina nyingine ni dawa nzuri na zimewasaidia watu wengi, ila kwa mtoto mwenye Dravet huzilegeza zaidi zile breki zilizokwisha kulegea, na mitukutiko inaweza kuongezeka. Daftari la yule mama lilionyesha hivyo waziwazi: mistari mitatu au minne kwa mwezi kabla ya kabamazepini, kisha ukurasa mzima uliojaa kuanzia mwezi aliopewa vidonge hivyo kwenye zahanati moja. Msingi unaokubalika kwa Dravet ni sodiamu valproeti, mara nyingi pamoja na klobazamu, na kwa baadhi ya nchi huongezwa stiripentoli. Dawa yoyote ya serotonini ni nyongeza juu ya msingi huo, haiji kuchukua nafasi yake.

Ushahidi

Fenfluramini ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Ilikuwa dawa ya kupunguza unene, ikaondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo, lakini madaktari wa Ubelgiji waliendelea kuitumia kwa ruhusa maalumu na kwa dozi ndogo kwa kundi dogo la wagonjwa wa Dravet. Mwaka 2012 walitoa taarifa ya wagonjwa 12, ambao wengi walikuwa wamepata nafuu ya miaka mingi. Baada ya hapo ukafanyika utafiti uliowagawa watoto na vijana 119 kwa bahati nasibu, ukachapishwa mwaka 2019: waliopata miligramu 0.7 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mitukutiko yao ya mwezi ilipungua kwa kipimo cha kati cha asilimia 74.9, ilhali waliopata dawa bandia ilipungua kwa asilimia 19.2. Marekani iliidhinisha itumike kwa Dravet mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaongeza Lennox-Gastaut, aina nyingine ya kifafa kikali cha utotoni.

Trazodoni ina hadithi ya kuvutia, na nadhani ndiyo inayozaa habari nyingi tunazozisoma. Katika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, maabara ya Scott Baraban hutumia samaki wadogo wenye mistari, samaki-pundamilia, waliobadilishwa jeni inayolingana na SCN1A hata wakawa wanapata kifafa wenyewe majini. Dawa humiminwa ndani ya maji, kisha watafiti hutazama kama samaki anatulia. Mwaka 2013 walieleza kwamba klemizoli, dawa ya zamani ya mzio, iliwatuliza samaki hao. Mwaka 2017 wakaonyesha kwamba siri yake imo katika vipokezi vya serotonini, na kwamba trazodoni na lokaserini, dawa ya kupunguza unene, nazo ziliwatuliza. Lokaserini ilijaribiwa kwa watoto watano wenye Dravet na mitukutiko ikapungua, lakini mwaka 2020 dawa hiyo iliondolewa sokoni Marekani kwa hofu ya saratani. Kwa trazodoni yenyewe, nguvu ya ushahidi bado imo katika samaki. Samaki huyo ni msaada mkubwa wa kuchuja dawa elfu moja zibaki tatu. Hawezi kutuambia mtoto wa kilo 14 apewe kiasi gani.

Fluoksetini imesimama katikati. Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2007 ulikusanya takwimu za majaribio ya dawa za sonona yaliyowasilishwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, yenye watu zaidi ya 75,000, ukakuta kwamba kwa wagonjwa wa sonona waliotumia dawa za kundi la fluoksetini, kifafa kilitokea mara chache kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Hiyo iliondoa hofu ya zamani kwamba kila dawa ya sonona huamsha kifafa. Jambo la pili ni la kugusa zaidi. Kuna panya wa ukoo uitwao DBA/1 ambao hupata mtukutiko wakisikia kelele kali kisha huacha kupumua; watafiti waliwapa fluoksetini na kusimama kwa pumzi kukapungua. Mwaka 2010 ikaelezwa kwamba, kwa watu wenye kifafa sugu, waliokuwa wakitumia dawa za kundi hili walipungukiwa hewa ya oksijeni kwa kiasi kidogo wakati wa mtukutiko. Mzazi wa mtoto mwenye Dravet anaelewa uzito wa maneno hayo, kwa kuwa kifo cha ghafla, mara nyingi usiku, ni hatari kubwa zaidi katika ugonjwa huu kuliko katika aina nyingi za kifafa. Hata hivyo kupunguza upungufu wa hewa si sawa na kutibu kifafa, na panya si mtoto.

Amitriptilini ndiyo yenye ushahidi dhaifu kabisa kwa jambo hili. Nimeiingiza kwa sababu moja tu: ndiyo dawa ya sonona iliyo karibu zaidi na mkono wa mtu, kwenye zahanati na maduka yetu, kwa ajili ya maumivu ya neva, kipandauso na usingizi.

Nitaongeza mfano mmoja kwa anayedhani ninawabania wagonjwa matumaini. Kwinidini, ndugu wa kwinini tuliyoizoea kwa malaria, ilisifiwa mwaka 2014 baada ya mtoto mmoja mwenye hitilafu ya jeni ya KCNT1 kupata nafuu kubwa. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha nafuu hiyo kwa wengine wengi, na moyo wa baadhi yao ukasumbuliwa na dawa. Nafuu ya mtoto mmoja hufungua mlango wa utafiti. Haitoshi kuandikia mwingine dawa.

Hatari na mgongano wa dawa

Fluoksetini huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Mtoto anayetumia klobazamu anaweza kulala mchana kutwa, kwa sababu zao la klobazamu linalobaki na nguvu hurundikana mwilini. Kwa anayetumia fenitoini au kabamazepini, kiwango cha dawa hiyo mwilini kinaweza kupanda hadi ayumbe na kuona vitu viwiliviwili. Pamoja na valproeti, uwezekano wa kutokwa damu huongezeka. Kundi hili la dawa linaweza pia kushusha chumvi ya sodiamu katika damu, na sodiamu ikishuka sana yenyewe huleta mtukutiko, jambo ambalo mzazi anaweza kulidhania ni kifafa kilekile. Kwa watoto na vijana dawa za sonona zote zina onyo la kufuatilia mawazo ya kujidhuru, hasa wiki za mwanzo. Tena fluoksetini na zao lake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ukiiacha leo hujaiacha leo.

Trazodoni huleta usingizi mzito na kushusha shinikizo la damu, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa wavulana huweza kusababisha uume kusimama kwa saa nyingi kwa maumivu, hali inayohitaji hospitali mara moja. Kabamazepini huiharakisha kutoka mwilini na kuipunguzia nguvu.

Kwa amitriptilini sina budi kuwa mkali. Dozi ikizidi huamsha kifafa hata kwa mtu asiyewahi kuugua, huvuruga mapigo ya moyo, na yenyewe huziba milango ya sodiamu. Kwa mtoto mwenye hitilafu ya SCN1A hilo la mwisho peke yake lingenifanya nisite, na nyumbani kwenye watoto wadogo, vidonge vichache vya mtu mzima vinaweza kuua. Klomipramini na bupropioni nazo zinajulikana kwa kuamsha kifafa, kwa hiyo asije mtu akakubadilishia kwa kusema "zote ni za sonona".

Fenfluramini hupunguza hamu ya kula, na mtoto anaweza kukonda. Hofu kuu ni vali za moyo. Katika utafiti wa 2019, kwa dozi ndogo za kifafa, ugonjwa wa vali haukuonekana; pamoja na hayo masharti ni kupiga eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza, kila miezi sita wakati wa matumizi, na mara moja zaidi baada ya kuacha. Stiripentoli huongeza kiwango chake, hivyo dozi hupunguzwa zikitumika pamoja.

Dawa hizi nne zina hatari moja ya pamoja: zikikutana zenyewe kwa zenyewe, au zikikutana na tramadoli, dawa ya maumivu, serotonini inaweza kuzidi mwilini, mgonjwa akatetemeka, akatoa jasho, akapata homa, akakakamaa misuli na kuchanganyikiwa. Kwa mtoto wa Dravet homa hiyo ni kichocheo kingine cha mtukutiko.

Upatikanaji, gharama na ufuatiliaji

Hapa mpangilio unageuka juu chini. Amitriptilini na fluoksetini zinapatikana Moshi na Arusha na bei yake familia nyingi zinaimudu. Trazodoni sijawahi kuikuta kwenye rafu zetu. Fenfluramini ni dawa ya gharama kubwa hata kwa nchi tajiri, na kuiingiza kwa mgonjwa mmoja kunahitaji daktari bingwa aandike, kisha kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hata pale fedha zikipatikana, swali la nani atalipia miezi inayofuata linabaki palepale, maana dawa ya kifafa inayokatika ghafla ni hatari kuliko dawa ambayo haikuanzwa.

Kwa upande wa ufuatiliaji, fluoksetini inahitaji kupima sodiamu ya damu na kuangalia mabadiliko ya tabia. Fenfluramini inahitaji eko, ambayo kwa ukanda wetu maana yake ni safari ya hospitali ya rufaa kama KCMC, ukibeba matokeo yaliyopita ili yalinganishwe. Kipimo cha vinasaba ndicho kigumu zaidi, kwa sababu mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi. Daktari mwenye uzoefu anaweza hata hivyo kushuku Dravet kwa historia peke yake na kuziepuka dawa za kuziba sodiamu huku majibu yakisubiriwa, na katika historia hiyo daftari kama la yule mama lina thamani kubwa.

Inamfaa nani

Fenfluramini inamfaa mtoto aliyethibitishwa kuwa na Dravet au Lennox-Gastaut, ambaye valproeti na klobazamu zimeshindwa, mwenye moyo mzima, na ambaye familia au mfadhili wake ana uhakika wa dawa kwa miaka. Haimfai mwenye ugonjwa wa vali, na kwa mtoto aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi ya moyo, ugonjwa ambao kwetu haujaisha, eko ya mwanzo ndiyo itakayoamua.

Fluoksetini inamfaa zaidi kijana mwenye kifafa ambaye ana sonona pia. Hali hii ni ya kawaida kuliko tunavyokiri: binti wa kidato cha pili aliyeanguka mstarini asubuhi mbele ya shule nzima, kisha akaacha kula na kuongea, anahitaji kutibiwa sonona kwa haki yake, na kuwa na kifafa si sababu ya kumnyima. Kama nyongeza ya kutibu kifafa chenyewe, inabaki kuwa jaribio la daktari bingwa, lenye muda maalumu na kipimo kilichokubaliwa mapema cha kusema imesaidia au haikusaidia.

Trazodoni kwa sasa inawafaa watafiti. Amitriptilini inawafaa wagonjwa wengine kwa shida nyingine.

Kulingana na hali yako

Kama mtoto wako anatumia kabamazepini, fenitoini au lamotrijini na mitukutiko imeongezeka tangu alipoanza, usitafute dawa nyingine kwanza, wala usikatishe hiyo kwa ghafla. Peleka tarehe zote mbili, ya kuanza dawa na ya mitukutiko kuongezeka, kwa daktari wa watoto na umwombe aangalie uwezekano wa Dravet. Ipo pia hali ya kinyume: katika baadhi ya hitilafu za jeni ya SCN8A, dawa hizohizo za kuziba sodiamu ndizo zinazosaidia. Kwa hiyo shauri la jirani mwenye mtoto wa kifafa tofauti linaweza kuwa la kweli kwake na hatari kwako.

Kama Dravet imethibitishwa na msingi wa valproeti na klobazamu umejaribiwa kwa dozi za kutosha, mazungumzo ya fenfluramini yana haki ya kuanza, sambamba na lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo chini ya usimamizi wa hospitali, ambayo kwa baadhi ya watoto hupunguza mitukutiko bila kungoja kibali cha kuingiza dawa.

Kama fenfluramini haiwezekani na daktari bingwa anapendekeza fluoksetini, muulize mambo matatu: klobazamu itapunguzwa kwa kiasi gani, sodiamu itapimwa lini, na tutaacha tukiona nini. Akikujibu yote matatu, uko kwenye mikono mizuri.

Kama tayari umenunua dawa ya sonona na umeanza kumpa mtoto bila kuandikiwa, usiifiche kwa kuogopa kugombezwa. Ipeleke pamoja na boksi lake na useme siku uliyoanza, kwa sababu daktari asiyejua kwamba fluoksetini imo mwilini anaweza kuongeza dawa ya usingizi juu ya usingizi.

Yule mama sikumuuzia dawa siku ile. Tulikaa kwenye benchi la nje tukalichora daftari upya: safu ya tarehe, ya dakika, ya homa, ya maji, na safu mpya ya tano ya dawa na dozi ya siku hiyo. Alianza kuijaza palepale kuanzia ukurasa wa kwanza, akikumbuka mwezi mmoja baada ya mwingine, na alipofika mwezi wa kabamazepini alisimama, akarudi nyuma kurasa mbili, akahesabu mistari kwa kidole. Kisha akaniuliza kliniki ya watoto yenye bingwa wa mishipa ya fahamu huwa siku gani.